Kiboko na Kamati Iliyokuwa Njiani

Paukwa!

— Pakawa!

Mwenye masikio?

— Ayatege!

Mwenye usingizi?

— Akalale kwao!

Na mwenye kunikatiza?

— Ale ukoko!

Haya, mmeapa wenyewe, mimi simo. Nasikiwa, sogea huku karibu, maana wewe ndiye hunikatiza kila siku.

Hapo kale, lakini si kale sana, ile kale ambayo wanyama walishaanza kukaa vikao, palikuwa na ziwa la magadi huko Kanda ya Bondeni. Bondeni kwenyewe kukavu, majani ya kuhesabu, kila mtu ana njaa yake. Bunge la Wanyama likakaa. Likasema, "Kanda ya Bondeni imebaki nyuma, tuiinue!" Wakapiga meza, pwa pwa pwa! Wakapanga mpango. Ziwa apewe Bwana Kiboko alichimbe magadi, na ushuru asitoe miaka kumi. Naye awaajiri wanyama wa Bondeni na aifuate Sheria ya Kazi.

Sheria ya Kazi ilikuwa fupi. Mchimbaji apewe viatu, kwa sababu magadi yanachoma kwato. Saa sita apewe uji. Akichoka apewe kivuli. Na mama akizaa, akae na mtoto wake mpaka mtoto ajue kukimbia, kisha arudi kazini aikute nafasi yake.

"Nimeelewa kabisa," akasema Bwana Kiboko. Akaiviringisha ile sheria, akaikalia.

Basi wanyama wakachimba. Paru! Paru! Asubuhi paru, mchana paru, jioni paru!

"Bwana Mkubwa, viatu?"

"Hizo kwato ulizozaliwa nazo ni za nini?"

"Bwana Mkubwa, uji?"

Kiboko akaunywa uji wote mwenyewe, gubu, gubu, gubu! "Umeisha."

"Bwana Mkubwa, kivuli?"

"Kivuli chako mwenyewe kinakufuata kutwa. Kipumzikie hicho."

Na mama akizaa? Mwaka uliotangulia Bibi Swala alizaa Jumatatu, Jumanne akafukuzwa. "Hapa tunachimba," Kiboko akamwambia, "hatulei." Bibi Swala akamlaza mtoto majanini, akaenda kutafuta kibarua kwingine. Aliporudi, mbweha alikwishapita. Hapo siongezi neno, hata mimi pananiuma.

Sasa mwaka huu tumbo lilikuwa la Dada Digidigi. Kila akiinama kukwangua magadi, tumbo linamtangulia. Siku moja akamwendea jirani yake Pimbi, anayekaa kule mwambani. Mnamjua Pimbi? Mdogo kama mkate wa boflo, hata mkia wa kufukuzia nzi hana.

"Jirani, nikizaa nafukuzwa," akasema Dada Digidigi. "Nikifukuzwa sili. Nisipokula sina maziwa. Na nikienda kutafuta, mbweha yupo."

"Wewe zaa tu, jirani," Pimbi akasema. "Mengine niachie mimi."

Wiki ile ile ikaja barua kutoka Bungeni. Kamati ya Kazi na Kanda itakuja kukagua ziwa. Ikikuta Sheria ya Kazi haifuatwi, Kiboko atanyang'anywa ziwa. Kiboko kusoma barua, masikio yakamsimama! Viatu alikuwa navyo, alipewa na mpango, vimejaa stoo, vipya, hata kamba havijafunguliwa. Shida yake ilikuwa moja: ngozi yake haiwezi jua. Mchana kutwa yuko majini, pua nje, macho nje, mwili ndani. Nani atamwambia Kamati inakuja?

Ndipo Pimbi akashuka mwambani.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Wewe ni kitu gani?"

"Mimi Pimbi, bwana. Kule juu ninakokaa naona mpaka njia panda. Nikiona vumbi la Kamati, napiga mluzi. Wewe unatoa viatu, unatoa uji, unatoa kivuli, na wazazi unawapumzisha. Kamati ikishapita, unarudisha vyako stoo."

Kiboko akacheka maji yakatikisika, ho! ho! ho! "Una akili kuliko kimo chako. Unataka nini?"

"Nikae juu ya mwamba niote jua, basi. Ila tule kiapo. Mimi naapa sitapiga mluzi wa uongo hata siku moja. Na wewe uape kwamba nikishapiga, hurudishi kitu mpaka Kamati ifike na iondoke. Maana wakikukuta unakimbiza viatu stoo, tumekwisha."

"Naapa!" akasema Kiboko, na akaapa kwa tumbo lake, kiapo ambacho kiboko hakivunji.

Siku ya tatu, jua la asubuhi, Pimbi akasimama juu ya mwamba. Fiiiu! Fiiiu! "Wanakuja, wanakuja! Vumbi nimeliona!"

"Viatu!" akapiga kelele Kiboko. "Uji! Kivuli! Haraka!"

Mngeona mbio zile! Nyumba ya makuti ikasimama kabla uji haujachemka. Wachimbaji wakavaa viatu, wengine kushoto wakatia kulia. Wakala uji wa moto, wakajipangusa midomo, wakaambiwa wapumzike, wakapumzika. Jua likazama. Kamati haikufika.

Kesho yake Dada Digidigi akashikwa na uchungu, akazaa mle kivulini. Mtoto miguu kama njiti za kiberiti, akisimama anaanguka. Kiboko akafungua kinywa chote, aseme hapa hatulei. Fiiiu! Fiiiu! "Wanakuja, wanakuja! Vumbi nimeliona!"

Kiboko akafumba kinywa. Akafungua tena. "Hongera, mama! Kaa hapo hapo, kaa kabisa, mpaka mtoto ajue kukimbia!"

Na siku ile Kamati haikufika. Wala ya pili yake. Wala ya tano.

"Pimbi! Wako wapi?"

"Penye mgunga mkubwa, bwana."

"Si jana ulisema penye mgunga mkubwa?"

"Jana walikuwa upande wa kule wa mgunga. Leo wako upande wa huku."

Nasikiwa, unataka kuuliza kama Pimbi alikuwa anadanganya. Uliza, ukoko upo. Hapana, hakudanganya hata chembe. Vumbi alikuwa analiona kweli, na Kamati ilikuwa inakuja kweli. Ila kulikuwa na jambo moja Kiboko hakuuliza, maana mwenye nguvu hazoei kuuliza, amezoea kuamrisha. Hakuuliza Mwenyekiti wa Kamati ni nani.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mheshimiwa Kobe.

Na kanuni ya Bunge la Wanyama inasema hivi: katika msafara, hakuna wa kutangulia mbele ya Mwenyekiti. Basi mbele Mheshimiwa Kobe, kwaru… kwaru… kwaru. Nyuma yake Kanga, karani, na kalamu yake sikioni. Nyuma ya Kanga, Nyumbu, mjumbe, miguu inamwasha kwa hamu ya kukimbia, lakini afanyeje? Kanuni ni kanuni. Pimbi haya yote aliyajua, ana binamu yake anayefagia Bungeni.

Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa. Uji unaliwa, viatu vinavaliwa, Kiboko anakonda. Mwisho akachoka.

"Mimi naenda kuwachukua mwenyewe!" akasema. "Nawabeba mgongoni wote, wafike leo, wakague leo, waondoke leo. Kesho kila kitu stoo. Na huyu mwenye mtoto, kesho hiyo hiyo nje!"

Dada Digidigi akamvuta mtoto karibu. Mtoto wake alikuwa anatembea, ndiyo, lakini akijaribu kukimbia anajikwaa na miguu yake mwenyewe. Kwa mbweha huyo ni kitafunio. Pimbi naye hili hakuwa amelipanga. Akakuna kichwa. Akakuna tena. Kisha akatabasamu.

"Nenda, Bwana Mkubwa," akasema. "Kuipokea Kamati njiani ni heshima kubwa."

Kiboko akatoka majini, chubwi! Akakimbia, gudu gudu gudu, jua linamchoma mgongo, mpaka akafika penye vumbi. Akatazama huku, akatazama kule. Akatazama chini.

"Mwenyekiti… ni wewe?"

"Ni mimi," akasema Mheshimiwa Kobe. "Karibu kwenye msafara."

"Mheshimiwa, tafadhali panda mgongoni kwangu, tutafika sasa hivi!"

Kobe akasimama. "Mkaguzi abebwe na anayekaguliwa? Hiyo ni rushwa. Kanga, andika."

"Sijasema kitu! Sijasema kitu! Basi mimi natangulia nyumbani."

"Kutangulia mbele ya Mwenyekiti? Kanga, andika."

"Basi narudi nyuma kidogo, napita njia nyingine!"

"Kukimbia maswali ya Kamati? Kanga…"

"Nipo! Nipo hapa hapa!"

Basi Kiboko akaingia kwenye msafara, nyuma ya Nyumbu. Mbele kwaru, kwaru. Nyuma uwi, uwi, jua! Ngozi ikamwiva kama muhogo wa kuchoma. Na kila penye jiwe la kukalia, Mheshimiwa Kobe anasimamisha msafara ana swali.

"Bwana Kiboko, wachimbaji wako wana viatu?"

"Wanavyo, Mheshimiwa, twende!"

"Kanga, msomee jibu lake asikie kama ndilo."

Kanga akasoma. Akasoma tena, maana kumbukumbu za Bunge husomwa mara mbili.

"Na uji?"

"Kila siku! Hata wakitaka mara mbili! Twende, Mheshimiwa, naungua!"

"Mara mbili. Kanga, andika. Na aliyezaa?"

"Anapumzika! Na akirudi nafasi yake ipo! Naahidi mbele yako, Mheshimiwa, kwa wazazi wote, miaka yote, twende!"

"Wote, miaka yote. Kanga, umepata?"

"Nimepata, Mheshimiwa," akasema Kanga, anatafuta ukurasa mwingine.

Na kule ziwani? Bosi hayupo, Pimbi yuko juu anapiga mluzi wake kila asubuhi, watu wanakula uji na kuchimba. Wakashangaa magadi yanatoka mengi kuliko zamani, maana mguu usioungua hausimami kujipuliza. Mtoto wa Digidigi akawa anakimbizana na vifaranga vya mbuni. Siku ya kwanza wakamshinda. Siku ya kumi wakawa hawamwoni, wanaona vumbi lake tu.

Siku ya siku, msafara ukafika. Kiboko hakungoja hotuba, akajitosa, chubwiiii! Maji yakatoa moshi. Akainua pua. "Haya, Waheshimiwa, mmeona, kila kitu kipo! Pilau ipo pale, kuleni, kitabu cha wageni kile, tieni sahihi, safari njema!"

Nyumbu akaiangalia pilau. Kobe hakuiangalia. Akapita kwa wachimbaji mmoja mmoja, kwaru… kwaru, anatazama kwato. Akafika kwa Dada Digidigi.

"Mama, mtoto wako anajua kukimbia?"

Dada Digidigi akaita. Mtoto akatoka, puru puru puru! Akamzunguka Mwenyekiti mara tatu, akaruka juu ya gamba lake, akapotea.

"Anajua," akasema Kobe. "Basi mapumziko yako yamekwisha."

Kiboko akatega sikio.

"Yamekwisha, Mheshimiwa," akasema Dada Digidigi. "Nimerudi kazini leo alfajiri. Nafasi yangu nimeikuta." Akaonyesha miguu yake, yote minne ina viatu, vyeupe kwa vumbi la magadi. Kisha akalia, na hakuona haya kulia.

Kiboko akashindwa kuvumilia. "Mheshimiwa, hivi huyu Nyumbu na mbio zake zote, asingeweza kukubeba? Huyu si mkaguliwa! Mngefika siku moja tu!"

"Alitaka kunibeba tangu siku ya kwanza," akasema Kobe. "Nilimkatalia. Nimekagua miaka mingi, Bwana Kiboko. Kamati ikishafika, inakula pilau, inaondoka, na jioni viatu vinarudi stoo. Lakini Kamati ikiwa njiani, watu wanavaa viatu." Akamgeukia karani. "Kanga, andika: tumefurahi, tutarudi kuangalia tena."

Akageuka, akaanza kushika njia ya Bungeni. Kwaru… kwaru…

"Mtarudi lini, Mheshimiwa?" akauliza Kiboko.

Kobe hata hakugeuza shingo. "Tumeshaanza kuja."

Basi, wanangu, funzo ndilo hilo, na mlishike sana: kazi ya umma ifanywe haraka haraka. Kamati ipewe usafiri wa kasi, ifike asubuhi, ile, iondoke mchana. Mwenyekiti mzito wa miguu hafai kabisa, achaguliwe Nyumbu. Na kusema kweli kila siku, kama Pimbi, ni tabia mbaya, inawatesa wakubwa.

Ngano nimeitwanga, nimeipepeta. Mchele mmekula nyinyi. Nasikiwa, ukoko wako huu hapa.