Hati Moja ya Kwenda kwa Mama

Hapo zamani, zamani ya juzi tu ambayo vumbi lake bado halijatua, palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja katika kambi ya wakimbizi ya Nyamihanga, magharibi mwa Tanzania. Mkubwa aliitwa Asende, fundi baiskeli. Wa kati aliitwa Apolina, mshonaji. Mdogo aliitwa Mapendo, msichana wa miaka ishirini kasoro. Kwao ni Kongo. Baba yao alikufa kabla ya vita, na mama yao walipotezana naye siku ya vita. Tegeni sikio, maana mwisho wa hadithi nitawatwisha ninyi mzigo, mimi niende zangu mikono mitupu.

Siku kijiji chao kilipovamiwa, Asende alikuwa mbali, machimboni. Nyumbani walikuwepo mama, bibi mkongwe, Apolina wa miaka kumi na saba, na Mapendo wa miezi minane, bado ananyonya. Mama na wanawe wawili walikimbia hadi mtoni. Apolina alivuka na mtoto mgongoni. Mama hakuvuka.

"Tulipotezana kwenye msongamano wa watu." Hivyo ndivyo Apolina alivyowaambia watu kwa miaka kumi na tisa. Hakuongeza neno. Na kila aliposema hivyo, alirudi upesi kwenye ushonaji wake.

Akamlea Mapendo. Alimlisha uji wa mgao, akamshonea sare ya shule kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, akakataa wachumba wawili waliomtaka yeye bila mtoto.

Asende aliwakuta kambini baada ya mwaka. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama yuko wapi?" Na tangu siku hiyo hakuacha kuliuliza. Kila mwezi, Jumanne ya kwanza, alifunga kibanda chake akaenda kwenye ofisi ya kutafuta waliopotea. Alitaja jina la mama, jina la kijiji, na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Akaambiwa hayupo. Mwezi uliofuata akarudi. Akaambiwa hayupo. Akarudi tena. Watu wakamcheka: "Asende, unafukuza moshi wa moto wa jana." Naye akawajibu, "Palipo na moshi mtu alipika."

Mwaka wa kumi na tisa akaambiwa, "Yupo."

Mama alikuwa hai, katika makazi ya wakimbizi huko Zambia. Wakapigiwa simu, wakakaa watatu vichwa vimegusana juu ya simu moja. Laini ilikuwa mbovu, inakuja inapotea. Wakasikia pumzi, kisha sauti nyembamba ya mwanamke: "Mwanangu aje. Mwanangu aje nimwone." Simu ikakatika. Baadaye jirani yake mama akatuma ujumbe pamoja na barua ya daktari: moyo wa mama umevimba, daktari amesema hatazidi wiki chache.

Sasa, mkimbizi hatoki kambini kwa kutaka tu. Kuvuka mpaka kunataka hati ya kusafiria, na hati ina fomu, na fomu ina maswali. Mapendo, aliyesoma hadi kidato cha nne, ndiye aliyejaza fomu zote tatu. Alikesha nazo akiogopa kufuta hata herufi. Wakapiga picha, masikio yaonekane. Wakazipeleka.

Afisa wa vibali alikuwa Bi Kokushubira, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni. Alisoma barua ya daktari mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema. "Kwa njia ya kawaida, hati hizi zitachukua miezi kumi."

"Mama yetu hana miezi kumi," Asende alisema.

"Nimesoma, baba. Ipo njia ya dharura. Wiki mbili tu hati inatoka. Lakini taratibu ni faili moja kwa kaya, mtu mmoja. Nimewahi kuombea watu wawili wa kaya moja, wakarudishwa wote wawili. Sitaki kuwaponza." Akawarudishia fomu zao. "Kesho nileteeni fomu moja. Gari la kupeleka mafaili linaondoka saa sita mchana."

Jioni ile Apolina alisonga ugali ukapoa bila kuguswa. Asende ndiye aliyeanza.

"Mimi niende," alisema. "Si kwa ukubwa wangu. Mimi ndiye niliyemtafuta. Miezi mia mbili na zaidi naambiwa hayupo, na nyie mkanihurumia kama mtu aliyeguswa akili. Kama nisingekwenda, mama angezikwa kule na sisi tukamwita marehemu wa zamani. Aliyemtafuta asimwone?"

Apolina akaona ni kweli.

Mapendo akasema, "Mimi niende. Kaka, wewe ukifumba macho unamwona. Dada naye anamwona. Mimi nikifumba macho naona giza. Walimu shuleni waliniuliza nimefanana na nani, nikawa sijui. Na yeye pia hajui mtoto aliyembeba miezi minane amekuwa mtu wa namna gani. Nyie mtamkosa mtu mnayemjua. Mimi nitamkosa mama nisiyewahi kuwa naye."

Apolina akaona hilo nalo ni kweli. Moyo ukamwambia nyamaza, umelea, umetimiza, waachie wao. Akanyanyua sahani kuzitoa. Akazirudisha chini.

"Mimi niende," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Hatukupotezana kwenye msongamano."

Wakamtazama.

"Tulifika mtoni tukiwa wote. Mama akakumbuka bibi hawezi kutembea, yuko ndani. Akanifunga Mapendo mgongoni, akaniambia: 'Kaa hapa. Usivuke mpaka nirudi. Niapie.' Nikaapa. Nikakaa. Milio ya bunduki ikaja karibu. Watu wakaingia kwenye mtumbwi wa mwisho, mwenye mtumbwi akanivuta mkono. Mapendo alikuwa analia. Nikavuka. Tulipofika katikati nikageuka, nikamwona mama. Amesimama pale pale aliponiacha. Ameweka mikono kichwani. Sikuita. Niliogopa nikiita wavamizi watasikia."

Apolina akamgeukia Asende.

"Kaka, umemtafuta miaka yote kwa sababu yangu, na nikakutazama ukienda kila Jumanne. Sina haki ya kumwona. Lakini nina neno la kumwambia, na hakuna mtu anayeweza kunisemea. Akifa kabla sijamwomba radhi, nitabaki katikati ya mto ule."

Asende alisimama akatoka nje. Walimsikia akizungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, tik tik tik, muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungesubiri," aliuliza akimwonyesha Mapendo, "huyu angekuwa hai?"

"Sijui, kaka."

"Mimi pia sijui." Akakaa. Kisha akasema, "Lakini ungeniambia. Miaka yote hiyo, Apolina. Ungeniambia."

Mapendo alikuwa amejikunyata ukutani. "Kwa hiyo ulimwacha mama kwa ajili yangu," alisema polepole. "Dada, mimi ndiye niliyekuwa nalia." Akamfuata Apolina, akaweka kichwa mapajani pake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Lakini hakusema, "Nenda wewe." Asende naye hakusema. Wala Apolina hakuliondoa ombi lake. Kupendana walipendana, ila kiu ya mama haigawanyiki.

Asubuhi wakafika ofisini. Bi Kokushubira akanyoosha mkono kupokea fomu moja, akakuta ameletewa zote tatu.

"Jamani," alisema, "niliomba moja."

"Tumeshindwa, mama," Asende alisema. "Chagua wewe."

"Hapana. Mimi naweza kugonga muhuri. Hilo siliwezi." Akazipanga juu ya meza, picha tatu zikimtazama, masikio wazi. Akasukuma muhuri kando. "Saa tano na nusu sasa. Nje gari limeshawashwa."

Apolina akatazama mikono ya kaka yake, yenye oili isiyotoka kwa sabuni. Akatazama uso wa Mapendo, ambao yeye na kaka yake walijua umefanana na wa nani, kidevu kwa kidevu. Akatazama picha yake mwenyewe. Akafungua kinywa.

Hapo ndipo ninapoishia, maana hapo ndipo akili yangu ilipoishia. Asende alimtafuta mama mpaka akampata. Apolina alivunja kiapo, akaokoa mtoto, na ana radhi ya kuomba. Mapendo hajawahi kumwona mama, wala mama hajamwona akiwa mtu mzima. Na mama alisema "mwanangu aje," asimtaje jina.

Je, nyinyi mnaonisikiliza, fomu ya nani ndiyo igongwe muhuri?