Mwanamke Aliyesema "Sijui"

Inasimuliwa, na waliotupokeza hawakuwa watu wa kutia chumvi, kwamba katika zama za waja wema waliotutangulia, tufani iliupiga mji mmoja wa bondeni katika nchi ya Yemen. Ilivuma siku mbili bila kupumzika. Mvua ya mawe ilitoboa mapaa, kisha mafuriko yakashuka kutoka milimani, na nyumba za udongo zikayeyuka pamoja na waliokuwa ndani. Ilipotulia, watu walizika maiti zao mpaka sanda zikaisha, wakaanza kuzika kwa mikeka.

Amiri wa nchi ile, Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake, aliifungua Baitul-Mali, hazina ya umma. Akaamuru kila nyumba iliyobomoka ipewe dirhamu thelathini na gunia la shayiri, watu wapate kujisitiri. Na ili wajanja wasichukue mara mbili, akaweka sharti: fungu la nyumba atalipokea mume kwa mkono wake mwenyewe, na mke atalipokea akiapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mumewe amefariki. Kazi hiyo ilipewa siku kumi, kisha makarani wahamie bonde jingine.

Katika mji huo alikuwapo mwanamke mchamungu akiitwa Lubaba binti Wahbi. Mumewe, Suwaidi, kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi. Mafuriko yaliposhuka, Suwaidi alitoka kwenda kumfungulia jirani mbuzi wake wasisombwe na maji, na hakurudi. Lubaba akabaki na mabinti wawili wadogo, pamoja na mama mkwe wake, Bibi Rababu, ajuza aliyekwisha kupofuka. Wote wanne walijibanza chini ya ngozi moja ya ngamia iliyotundikwa kwenye kipande cha ukuta, na chakula chao kilikuwa tende za kuokota matopeni.

Siku ya tatu ya ugawaji Lubaba alikwenda kwa karani. Karani huyo, jina lake Thawaba, alikuwa msomi mwepesi wa kalamu, na hakuwa mtu mbaya.

"Mume wako yuko wapi, bibi?" akamuuliza.

"Sijui."

"Amefariki?"

"Sijui, shekhe. Alitoka wakati wa mafuriko na hakurudi. Sikumwona akifa, wala maiti yake sijaiona."

Thawaba akashusha sauti. "Bibi, mji mzima unajua kwamba hayupo tena. Weka mkono juu ya msahafu, sema amefariki, nikuandikie. Wengi nimewaambia hivyo leo."

"Mji mzima unajua," akasema Lubaba. "Lakini anayeapa ni mimi, na mimi sijui."

Thawaba akalitazama daftari lake. Palikuwa na pahala pa kuandika aliye hai na pahala pa kuandika aliyefariki, na neno la mwanamke huyu halikuwa na pahala. Akamwambia arudi atakapokuwa na jibu, akamwita aliyekuwa nyuma yake. Haikumpitikia akilini kutia mkono katika mfuko wake mwenyewe. Ndivyo tulivyo, ndugu zangu. Tukishagawa mali ya umma tunasahau kwamba na sisi tuna mifuko.

Habari zilimfika Bibi Rababu kabla Lubaba hajaketi.

"Nenda ukaape, mwanangu," akasema ajuza. "Mimi niliyemzaa nimekuruhusu. Watoto wanatetemeka."

Lubaba akalia. "Mama, kila nikitoa salamu namwomba Mola wangu aniletee Suwaidi akiwa hai. Nikishaapa kwamba amekufa, nitamwomba kwa ulimi gani?"

Ajuza akapapasa mpaka akaushika mkono wa Lubaba. Kisha akasema, "Basi tuombe," na hakulitaja tena jambo lile.

Tangu siku hiyo, kila tende zilipogawanywa, Bibi Rababu alisema hana hamu ya kula. Lubaba alishinda akichimbua matope kumtafuta mumewe, hakutambua kwamba mama mkwe wake alikuwa akiwapitishia wajukuu fungu lake chini ya shuka. Siku ya nane asubuhi ajuza hakuamka. Wakamzika kwa mkeka.

Sitaki kuipamba habari hii, maana ni chungu. Lubaba alijua kwamba kiapo kimoja kingeweza kutia chakula katika kinywa kile. Aliketi kaburini akasema, "Ee Mola wangu, ikiwa nimekosea, niadhibu mimi, usiwaadhibu hawa watoto." Hakuota ndoto njema, wala hakuna aliyekuja kumtuliza. Akainuka akaenda kuchimbua tena, na kwa karani hakwenda.

Siku ya kumi, watu waliokuwa wakizoa matope nyuma ya zizi la jirani walimkuta Suwaidi, kamba ya mbuzi bado imemzonga kiganjani. Sura yake ilikuwa imeharibika. Lubaba alimtambua kwa kucha zake, zilizokuwa za buluu kwa rangi ya nili. Akamwosha kwa mikono yake, akasaliwa, akazikwa. Ndipo akaenda kwa karani, akamkuta anafunga mizigo.

"Siku ile uliniuliza mume wangu yuko wapi, nikakuambia sijui," akasema. "Leo najua. Amefariki, na niko tayari kuapa."

Thawaba akamtazama. "Basi hata ungeapa siku ile, ungekuwa umesema kweli."

"Ningekuwa nimeapa nisilolijua, shekhe. Kufa kwake kusingenifanya mimi kuwa mkweli."

Akaapa. Thawaba akalifungua daftari. "Mko wangapi nyumbani, bibi?"

"Watatu. Nilipokuja mara ya kwanza tulikuwa wanne."

Kalamu ikamponyoka Thawaba. Akamhesabia dirhamu zake thelathini, akampa shayiri, kisha akakung'uta mfuko wake wote juu ya fungu lile. Lubaba akapokea, akamwombea dua, akaenda zake bila kumlaumu. Thawaba alikuwa akisema baadaye kwamba laiti angemlaumu.

Mwaka huohuo aliacha ukarani akaenda kutafuta elimu, mpaka akawa shekhe wa kuendewa kutoka miji ya mbali. Lakini akiulizwa maswali kumi hujibu matatu, na yaliyobaki husema, "Sijui." Siku moja mwanafunzi wake akashindwa kuvumilia. "Shekhe wangu, watu wamesafiri mwezi mzima. Warudi kwao na 'sijui'?"

Thawaba akalia mpaka ndevu zikalowa. Akasema, "Neno hilo nililisikia kwa mwanamke mwenye njaa, na nikamfukuza nalo. Yeye lilimgharimu mama mkwe wake. Mimi nalisema nimeshiba, na wewe unaona ni zito?"

Mwenyezi Mungu amrehemu Lubaba na watu wake, na amsamehe Thawaba. Na sisi, ambao huapa kwa kusikia na kushuhudia kwa kudhani, atujaalie ulimi usiokwenda mbele ya tunachokijua.