Tenga Zito la Mboni

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, aliyesinzia aamke!
Pakawa, tumeamka!

Hapo kale, wanyama wa bondeni walikuwa na desturi. Mtoto akienda kuanza maisha yake, hupewa tenga. Matenga yote sawa, vitu vyote sawa. Na kitu kikishaingia tengani hakitoki. Ndiyo sheria.

Mwanzo tenga lilikuwa jepesi. Nungunungu akaongeza ungo, na miiko saba. Ngiri akaongeza kinu.

"Huenda kikahitajika," walisema. Kikaingia.

Ikafika siku ya Mboni, binti wa Mama Ndezi. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito, na mawingu yamefunga mlimani. Mvua ikinyesha, kijito hakivukiki mpaka mavuno. Asipovuka leo, hatapanda.

Mboni akajitwika tenga. Tete, tete, tete, magoti. Puu! Chini.

Akajitwika tena. Puu!

"Mama, shingo."

Mama Ndezi akamfuta vumbi. Moyo ulimuuma.

"Watoto wa siku hizi!" akasema Ngiri. "Sisi tulibeba."

"Na kinu, mzee?" akauliza Kanga. "Si umekiingiza juzi tu?"

Ngiri akakohoa.

"Aende mikono mitupu," akasema Kanga. "Ataazima huko huko."

"Mwanao alienda hivyo, dada," Mama Ndezi akajibu taratibu. "Akaazima kamba kwa asiyemjua. Kumbe imeoza. Ndoo iko kisimani hadi leo."

Kanga akainamisha kichwa. Mama Ndezi akamshika bawa.

Gurugurugu! Mlimani.

Mama Ndezi akachukua kikapu chake cha mboga, akakikung'uta.

"Mboni, siku ya kwanza, kabla hujamjua jirani, utashika nini?"

"Jembe, mama. Kamba. Vijiti vya moto."

"Na kibaba?"

"Kibaba nibebe. Kila mtu akiwa na kibaba cha ukubwa wake, tutapimianaje mbegu?"

"Na kinu?"

"Kinu ni cha mavuno. Wakati huo kijito kimekauka, nitakuja kutwanga kwa Mzee Ngiri. Yeye namjua."

"Sheria!" akafoka Ngiri. "Kikishaingia tengani hakitoki!"

"Kweli, baba," akajibu Mama Ndezi, akitia kikapuni vitu vya nyumbani kwake. "Tengani hakitoki. Wala sitoi. Jembe langu, kamba yangu, vijiti vyangu, kibaba changu. Na hiki ni kikapu."

Kanga akacheka, kekekeke! Ngiri akajizuia, akashindwa, akacheka naye.

Mboni akavuka, chubwi, chubwi, kikapu kichwani. Alipopanda ukingo wa pili, tone la kwanza likamwangukia puani.

Mama Ndezi alipogeuka, alimkuta Ngiri amelipakata tenga. Sheria au si sheria, alikuwa anatoa kinu. Alikibeba mwenyewe hadi mlangoni kwake, akakifunika na jani, kisilowe. Kimngoje Mboni.

Ndiyo maana, wanangu, tenga la wote hutiwa kile ambacho kila mtu atakishika siku ya kwanza, na kile ambacho lazima kifanane kwa wote. Vingine vikae kwa jirani mnayemjua.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kinu chini ya jani. Mwenye cha kuongeza, apime uzito kwanza.