Tope la Babu yake Sultani

Palikuwa na sultani mmoja wa Mkunguni, Mwinyikai jina lake, tumbo linafika barazani kwanza, mwenyewe anafuata. Kiti alirithi kwa babu yake. Sifa hakurithi, maana babu hakuwa nazo, na mji mzima ulijua.

Mkunguni wana kisima kimoja. Kila mwaka, kabla ya mvua, watu hukusanyika pale kusimuliwa kilivyochimbwa. Husimulia mtu wa ukoo wa Bibi Mwanakheri, mfinyanzi, aliyekichimba kwa mikono yake wakati wa kiu kubwa. Babu yake sultani naye yumo: wenzake wanahangaika, yeye kalala kivulini, maji yalipotoka akaamka kuuliza nani kamlowesha. Hapo watoto hugaragara kwa kucheka. Kisha msimulizi hujifunga kamba, hushuka, huzoa tope la mwaka. Hashuki mwingine ila mjukuu wa mchimbaji. Akishuka mtu baki, maji yatachacha. Ndivyo wanavyoamini, na sultani ni wa kwanza kuamini, maana chai yake hutoka humo.

Mwaka ule zamu ilikuwa ya Faki, mjukuu wa Mwanakheri, msuka mikeka, kanzu moja, maneno ya watu kumi. Sultani akamwita mapema. Akamwambia kisa kigeuzwe: aliyechimba ni babu yake, aliyelala ni Mwanakheri. Akikataa, yeye na mama yake wahame mji. Na mama wa Faki, miguu ile, hata sokoni hafiki. Faki akainamisha kichwa, akasema atasimulia.

Siku ikafika. Sultani kaletewa kiti chake hadi kisimani, mwavuli juu, tabasamu mpaka masikioni. Faki akasimulia vilevile alivyoagizwa, akamchimbisha yule babu mpaka jasho likamtoka kaburini. Mama yake akajifunika uso kwa kanga.

Alipomaliza, Faki akaichukua kamba, mbichi, inanuka, akamwekea sultani mapajani.

"Ya nini hii?"

"Yako, Mtukufu. Tope la babu yako linakungoja."

"Nishuke mimi? Si wewe unayeshuka?"

"Nilikuwa nashuka. Sasa nimejua bibi yangu alilala tu. Nani ataniruhusu?"

"Mimi nakuruhusu."

"Maji yakichacha je, Mtukufu? Chai utainywa wewe."

Sultani akachungulia kisima. Akalitazama tumbo lake. Akachungulia tena.

"Mdomo wake mwembamba," akasema.

"Babu yako alipita. Au hakupita?"

Kuna mtu nyuma alikohoa, kikohozi kile cha kuficha kicheko, kikaambukiza safu nzima. Sultani akageuka huku na huku, jasho linamtiririka, macho yakamwangukia askari wake mmoja, mwembamba kama ufito.

"Huyu hapa. Huyu atashuka badala yangu."

Watu wakamtazama Faki. Mama yake akaitoa kanga usoni. Faki hakubisha. Akamsogelea yule askari, akamvua upanga taratibu, akamfunga kamba kiunoni, akaivuta kuona kama imeshika. Kisha akarudi mbele ya sultani, akapiga goti kwa adabu zote.

"Basi inuka, Mtukufu," akasema. "Anayeshuka ndiye mjukuu wa babu yako. Akipanda na tope lake, atataka kukaa kitini mwake."