Bi Paka na Vyungu vya Majirani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, meko na majirani kama sisi, kulikuwa na siku ya mashaka uani kwa Bi Paka. Waliokuwepo ni hawa: Bi Paka mwenyewe, mzee, mnene kama mto uliojazwa sufi, Korongo aliyekuwa tabibu, Mama Kiboko na Bwana Ngiri, majirani wenye nguvu, na Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija.

Sange hakuwa na mama. Alipoachwa akiwa mchanga, Bi Paka ndiye aliyemlaza tumboni pake mpaka akakua.

Korongo alimtazama Bi Paka akitembea. Hakukanyaga kwa vidole kama paka wengine. Alikanyaga kwa visigino, bwata, bwata, bwata.

"Ni ugonjwa wa sukari," alisema Korongo. "Umeshika miguu ya nyuma. Usipopungua, Bi Mkubwa, hutasimama tena."

"Basi asile!" akanguruma Ngiri. "Mfungieni ndani mpaka akonde!"

"Thubutu!" alisema Korongo. "Paka mnene akikatiwa chakula ghafla, ini lake huharibika. Atakufa mapema zaidi. Apungue polepole. Samaki wa kuchemsha kidogo asubuhi, kidogo jioni, na nimchome sindano kila akishakula. Atembee pia. Na hizo sahani mnazomletea, basi."

Kijiji kile kilikuwa na desturi: chungu kikiipuliwa, sahani ya kwanza ni ya mzee. Na mzee aliyebaki ni Bi Paka peke yake. Maandazi, wali wa nazi, muhogo, vyote vilimfuata pale pale alipolala.

"Mimi niache kumpelekea?" alifoka Mama Kiboko. "Niitwe mchoyo? Ng'o!"

"Wala mimi siwi wa kwanza kuacha," alisema Ngiri.

Wakaenda zao. Bi Paka akajifuta macho.

"Sahani ikija siwezi kuikataa, mwanangu. Ni heshima. Halafu ni tamu! Lakini nataka kusimama."

"Utasimama, Bibi," alisema Sange. "Wewe tembea. Hayo mengine niachie mimi."

Kulipokucha, pururu! Sange huyo jikoni kwa Kiboko.

"Hodi, Mama Kiboko! Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini, wewe pua?"

"Hujasikia? Leo Bi Paka anakwenda kwa Ngiri, kwa miguu yake, akanuse chungu kikiwa mekoni. Heshima iliyoje! Wewe unabebesha watoto sahani tu, kama unalisha bata."

"Kwa Ngiri? Yule mchimba mizizi? Mimi nipitwe na Ngiri!"

"Labda nikuombee. Ila kuna sharti. Mzee akija hunusa tu, haonji. Akionja kwa mmoja, amewadharau wengine. Na ukituma sahani, haji."

"Situmi! Mwambie aje!"

Pururu! Mpaka kwa Ngiri.

"Hodi, Bwana Ngiri! Pole sana. Leo Bi Paka anakwenda kunusa chungu cha Kiboko..."

"Cha Kiboko? Yule anayepika matope? Mwambie aje na hapa!" Sange akampa sharti lile lile, naye akalikubali.

Adhuhuri Bi Paka aliinuka. Bwata, bwata. Alihema, hee, hee. Njiani alikaa chini kwenye nyasi.

"Rudi, Bibi, upumzike," Sange alimwonea huruma.

"Sirudi. Nipe pumzi kidogo tu."

Alifika. Alinusa chungu cha Kiboko, mate yakamtoka, akayameza. "Kimeiva," alisema, akageuka kwenda kwa Ngiri. Kiboko alifurahi mpaka akamwekea kigoda kivulini, apumzike siku nyingine akija.

Ikawa hivyo kila siku. Sahani hazikuja tena. Asubuhi samaki wake, jioni samaki wake, na sindano ya Korongo. Bi Paka alipungua polepole, mpaka mbavu zikaanza kuhisika chini ya manyoya.

Siku moja Kiboko na Ngiri walikutana kisimani.

"Wewe ndiye uliyeanza kunusiwa chungu," alisema Ngiri.

"Mimi? Si wewe? Sange aliniambia..."

"Hata mimi ni Sange aliyeniambia!"

Wakatazamana. "Kumbe! Kale kadude kametuchezea!"

Wakakimbia, gudu gudu gudu, vumbi juu, mpaka uani kwa Bi Paka. "Yuko wapi huyo mwongo tumkanyage?"

Sange hakukimbia. "Nipo. Nikanyageni, lakini kwanza mtazameni Bibi."

Bi Paka alikuwa anakuja kutoka barazani kuwatuliza. Alikuja bila kishindo, kwa ncha za vidole.

Mama Kiboko aliinama, akaitazama miguu ile. Ngiri alikohoa.

"Kesho napika kunde," Ngiri alisema mwishowe. "Bibi asichelewe kuja kunusa."

Anayempenda mgonjwa, wanangu, humpa kinachomponya hata kama si kile anachokitamani.

Masika yaliyofuata, Bi Paka alipanda mwenyewe juu ya ukuta wa ua na kulala huko.