Kifaru na Ombi Lisilo na Mkia

Wenye masikio mpo?

— Tupo, na masikio tumeyapangusa!

Uongo nimeukuta njiani umechoka. Niuingize ndani?

— Uingize, mkeka tumeutandika!

Na ukinoga?

— Tutakula na ukoko!

Basi ilikuwa Jumatano, saa tatu kasoro robo asubuhi, umande haujakauka, Sange alipokuwa amesimama mbele ya ghala la wanyama na ulimi ukamkwama.

Sange mnamjua. Mnyama mdogo, pua ndefu inayochezacheza, miguu kama njiti za kiberiti. Akishikwa na hofu hupiga mguu chini, tu-tu-tu-tu. Na hofu ilimshika mara nyingi. Akitoka nyumbani, hurudi kutazama kama amefunika chungu. Akishatazama, hurudi tena kutazama kama alitazama vizuri.

Ghala lenyewe lilikuwa pango, na ndani vihenge vimepangwa, kila mnyama na kihenge chake. Mlango ulikuwa gogo la mkwaju, zito, na mwenye nguvu ya kuliinua alikuwa mmoja tu, Kifaru. Kifaru alilichokoa kwa pembe, hiiii-yaa! Akaliinua, akalishikilia hivyo kichwa kimeinama.

Lakini Kifaru nguvu anazo, macho hana. Kwake yeye nyumbu na kichuguu ni ndugu. Kwa hiyo wanyama waliagana: anayetaka chakula chake aseme yeye ni nani, anataka nini, kiko wapi na kiasi gani, kwa maneno yaleyale, asipunguze wala asizidishe. Hivi:

"Hodi ghalani, nafungua ombi. Naomba mtama, mtama ulio katika kihenge cha kusini, ambao mwenyewe ni Sange binti Sange, wala si mwingine, kipimo kibaba kimoja, wala si zaidi. Nimeridhika, nafunga ombi."

Ombi likishafungwa, Kifaru hutoa hukumu. Likiwa limenyooka husema, "Sawa!" Unaingia, unachota, unatoka, gogo linashuka. Puu! Likiwa limepinda husema, "Umekosea!" Gogo linashuka palepale, puu, na ulichoomba kinakuwa chakula cha mlinzi. Na kabla ombi halijafungwa na yule yule aliyelifungua, Kifaru haruhusiwi kusema sawa, haruhusiwi kusema kosa, wala haruhusiwi kushusha gogo. Aliapa kwa pembe yake kwamba akivunja sheria hiyo, pembe na ing'oke.

Wanyama walidhani sheria hii itawafanya wawe waangalifu. Ilimfanya Kifaru awe mnene.

Basi Jumatano ile Sange akaanza vizuri. Hodi ghalani, nafungua ombi. Akaenda, akaenda, akafika kwenye maneno 'kihenge cha kusini'. Hapo Kifaru akapumua, hufff! Pumzi ikapeperusha masharubu ya Sange. Mguu ukaanza, tu-tu-tu-tu, naye akajisikia anasema, "ambao si mwingine ni Sange, wala mwenyewe..."

Akalijua kosa lake hata kabla halijatoka lote mdomoni. Akafunga ombi kwa sauti ya mbu.

"Umekosea!"

Puu!

"Bwana Kifaru, nakuomba..."

"Bi Sange, mimi sina neno nawe. Sheria ni ya wote." Na tumbo lake likanguruma kwa furaha, ngrrr.

Ndani ya kihenge cha Sange kikabaki kibaba kimoja. Nacho hakikuwa cha uji. Kilikuwa mbegu. Mawingu ya masika yalikwisha kusimama upande wa mashariki, na asiyepanda mvua ya kwanza, nchi ile, huvuna majani. Sange akikosea mara moja nyingine, mwaka mzima hana kitu, wala yeye wala watoto aliowabeba tumboni.

Akarudi kwake. Jirani yake Pimbi alikuwa juu ya jiwe anaota jua.

"Imekuwaje, shoga? Mbona mikono mitupu?"

"Nimekosea tena."

"Tena! Si jana ulilisema hapa mara kumi, hukukosea hata herufi?"

"Hapa nalijua. Hapa hakuna mtu ananipumulia usoni."

"Shoga yangu, nyumbani chui, ghalani panya," Pimbi akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana na yeye kihenge chake cha maharage kilikuwa kinaishia kwa Kifaru. "Maneno yenyewe marefu mno. Mimi nikifika kwenye 'wala si mwingine' nasahau kama nilishasema jina langu."

Sange aliinua pua juu. Alikuwa anasikiliza. Juu ya mti, ndege Kwenzi alikuwa anachezea sauti, kama kawaida ya kwenzi. Akaiga mlio wa gogo, puu. Akaiga kikohozi cha Nyani. Kisha akasema, kwa sauti ya Sange mwenyewe, "Hodi ghalani, nafungua ombi..." Akaenda nalo mpaka mwisho, na lile kosa akaliweka mahali pake hasa lilipokuwa.

"Muone huyo! Anakudhihaki," Pimbi akasema.

"Hapana," Sange akasema. "Hakosei. Kosa ni langu, yeye amelibeba tu. Kaka Kwenzi! Shuka kidogo."

Kwenzi akashuka, manyoya yanang'aa. "Kuna kula?"

"Kuna kazi. Na kazi ikiisha kuna kula."

Sange akalilaza ombi lote kichwani mwake, akalikagua neno baada ya neno, na akaona jambo ambalo liko wazi mpaka linaudhi. Kila siku, kila mnyama, ombi ni lilelile. Kinachobadilika ni vitu vinne tu: chakula, kihenge, jina, kipimo. Yaliyobaki yote hayabadiliki kamwe. Ya nini basi kila mtu ayabebe yote kila asubuhi, na woga juu yake?

Akamfundisha Kwenzi yale yasiyobadilika, na penye kubadilika akamwachia pengo. "Nikikwambia 'Toa, maharage, mashariki, Pimbi, kibaba,' wewe unasemaje?"

Kwenzi akajaza mapengo, akalisema ombi zima, lenye kichwa, kiwiliwili na mkia, halina ufa.

"Rudia," Sange akasema.

Akarudia.

"Sasa jina la Nyumbu. Sasa la Kima. Sasa kipimo kiwe nusu kibaba."

"Dada, koo langu linakauka!"

"Rudia, tafadhali. Siwezi kulala."

Asubuhi wakaenda ghalani, lakini Sange hakuthubutu kuanza na mbegu zake. Alianza na maharage ya Pimbi, na Pimbi akakubali, akisema yangeliwa tu vyovyote vile. Pimbi akanong'ona, "Toa, maharage, mashariki, Pimbi, kibaba." Kwenzi akasimama mbele ya Kifaru, akalimimina ombi kama maji ya mtungi. Kifaru akapumua, hufff! Kwenzi akaendelea. Kifaru akakwaruza ardhi, kwaruu! Kwenzi akaendelea. Nimeridhika, nafunga ombi.

Kifaru akasubiri kosa. Kosa halikuja.

"... Sawa," akasema, kama aliyemeza mwiba.

Pimbi akachota, akatoka, puu. Akamkumbatia Sange mpaka pua ikapinda.

Habari zikaenea. Akaja Nyani, akanong'ona, Kwenzi akasema, sawa, puu. Akaja Kima, akanong'ona, Kwenzi akasema, sawa, puu. Kazi ilipozidi, Kwenzi akaleta ndugu zake. Mmoja Sange akamfundisha ombi la kuweka, maana kuweka nako kulikuwa na maneno yake. Mwingine akamfundisha ombi la kuuliza tu kilichobaki. Mnyama akawa anasema maneno machache, na ndege anasema yote. Hata Kobe, ambaye zamani alianza ombi asubuhi akalimaliza jua la utosini, sasa alirudi kwake mapema akawa hajui afanye nini na siku.

Na Kifaru? Sawa, puu. Sawa, puu. Kiuno kikaanza kuonekana.

Mchana mmoja, Sange akiwa anatazama mawingu na kujiambia kesho, kesho hakika atazitoa zile mbegu, ardhi ikatikisika, gudu, gudu, gudu. Pembe ikasimama mlangoni kwake.

"Ni wewe," Kifaru akasema. "Wale ndege ni wako."

Tu-tu-tu-tu. "Ni... ni ndege tu, Bwana."

"Mimi nina njaa. Nifundishie wa kwangu. La sivyo kesho gogo silichokoi, nalilalia. Tuone mbegu zitaota ndani ya pango."

"Wa kuomba nini, Bwana? Wewe huna kihenge."

"Vyote!" Kifaru akacheka, hoo-hoo-hoo. "Aombe vyakula vyote, vya vihenge vyote. Mwerevu ni wewe peke yako? Akipatia, ni vyangu, maana ndege ni wangu. Akikosea, ni vyangu, maana mimi ndiye mlinzi. Niambie, nitakosaje?"

Sange akatafuta pa kumkosesha, hakupaona. Pua ikakauka. Akaziona mbegu zake zikishuka koo lile nene. Akaona shamba lenye majani matupu. Lakini alikuwa na ugonjwa wake ule wa kurudi kutazama chungu, basi akarudi kutazama: sawa ni yake, kosa ni lake. Na katikati ya sawa na kosa, je?

"Ombi lenyewe liwe refu kiasi gani, Bwana?" akauliza taratibu.

"Fupi! Nimechoka na porojo zenu. Shingo inaniuma. Likishataja vyote, basi."

"Nikate kichwa?"

"Bila hodi mimi sisikilizi, kichwa acha. Kata mwisho huko."

"Mwisho, Bwana? Una hakika? Mwisho nao una..."

"Wewe panya wa pua ndefu, nani kakuuliza? Nimesema kata mkia!"

"Haya," Sange akasema. "Bwana ameagiza."

Akamtafuta kwenzi mmoja mchanga, asiyewahi kufanya kazi ghalani, akamfundisha kama alivyoagizwa. Wala hakumfundisha neno zaidi.

Alasiri wanyama wakakusanyika, wengine wanalia. Kifaru akalichokoa gogo, hiiii-yaa! Akalishikilia.

Yule ndege akasema, "Hodi ghalani, nafungua ombi. Naomba vyakula, vyakula vyote vilivyo katika vihenge vyote, ambavyo mwenyewe ni Kifaru, wala si mwingine, kipimo chote, hata zaidi."

Akaishia hapo.

"Enhe," Kifaru akasema.

"Enhe nini, Mzee?" ndege akauliza.

"Funga ombi!"

"Mimi nimefundishwa mpaka hapo."

Na wakati ule ule tone la kwanza la masika likaanguka, pwa! Na jingine, pwa! Kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini. Ndege akawaona, macho yakamtoka, akaruka zake, prrrrr, akaenda kula.

"We! Rudi! Umeko..." Kifaru akajiuma ulimi. Ombi halijafungwa, hana ruhusa ya kusema kosa. Hana ruhusa ya kusema sawa. Akahisi gogo linalemea, na pembe ikamwasha hapo mwanzoni, kwenye mzizi.

Wanyama wakatazamana. Mlango wazi. Mlinzi kainama.

"Jamani," Pimbi akasema, "mimi kihenge changu nakijua."

Akapita chini ya kidevu cha Kifaru. Akapita Nyani. Akapita Kima. Akapita Kobe, na safari hii Kifaru ndiye aliyemwambia afanye haraka. Kila mmoja akabeba chake, vihenge vyao vikabaki vitupu, vinapigwa na upepo, vuuu.

Sange akaingia wa mwisho. Ingawa hakuna aliyemuuliza, alipita akinong'ona, "mtama ulio katika kihenge cha kusini, ambao mwenyewe ni Sange binti Sange," mpaka mwisho, sawasawa, kwa sababu asingejisikia vizuri vinginevyo. Akachota kibaba chake. Alipotoka alikuta jicho dogo la Kifaru linamtazama, au linatazama alipodhani yupo.

"Bi Sange," Kifaru akasema kwa sauti ndogo. "Shingo."

"Pole, Bwana. Jua linazama, na huyo ndege sasa hapatikani."

Lakini alikwenda kukata majani mabichi, akamwekea karibu na mdomo, penye kufikika.

Asubuhi yake, ardhi imelowa inanukia, Sange alipanda kwanza mtama wake. Mstari kwa mstari, akirudi kutazama kila shimo kama amelifukia. Kisha akanawa mikono, akamtafuta yule kwenzi, akamkuta tumbo limejaa kumbikumbi, akamleta ghalani.

"Nifundishie huyo mkia," Kifaru akasema, miguu yote minne inatetemeka. "Nitasema sawa, nitasema lolote!"

"Na kosa la mtu, tangu leo, ni chakula cha nani?"

"Chake mwenyewe! Arudie tu ombi lake! Naapa, naapa kwa hii hii pembe!"

"Ahsante, Bwana," Sange akasema. Akamgeukia ndege, akaanza kumfundisha. "Nimeridhika." Sema. "Nimeridhika." Hapana, si hivyo, umekaza mwisho. Tena. Neno kwa neno, silabi kwa silabi. Na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, hakufanya haraka.

Uongo wangu nimeutua. Aliyeona chumvi imezidi, anywe maji. Aliyeona imepungua, atie ya kwao.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkubwa akikuagiza, usibishe, usijitie kujua. Fanya kile kile alichosema, neno kwa neno. Sange alitii, na hakuna baya lililompata mtu yeyote.