Miche Thelathini ya Bi Nadhira

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika viunga vya Basra aliishi mjane mchamungu, Bi Nadhira, Allah amrehemu. Wenzake walinunua miche sokoni kwa bei ya kukaba roho. Yeye alisia mbegu za bilinganya nyumbani, ndani ya vyungu vibovu, akazilea kivulini. Kabla ya kupandikiza bustanini, aliizoesha miche jua kidogo kidogo kwa siku saba. Kwa kubana matumizi hivyo ndivyo alivyopata riziki yake.

Siku moja akaja jirani yake, Bi Khulud, naye mjane, ana watoto wanne.

"Dada, nigawie miche michache kwa ajili ya Allah."

Bi Nadhira akampa thelathini, tena mizuri. Ila habari ya kuizoesha jua hakumwambia. Nafsi ilimnong'oneza: akivuna huyu, bilinganya zako atanunua nani? Lo, nafsi hiyo!

Bi Khulud akapandikiza siku ileile. Na jua la Basra halina mswalie Mtume! Kufikia alasiri ya pili, miche yote ilikuwa imekauka.

"Wewe ulinipa kwa moyo, dada," akasema. "Mkono wangu ndio usio na baraka. Sijui nimemkosea nini Mola wangu."

Bi Nadhira akanyamaza. Akanyamaza misimu miwili, huku akimwona mwenzake amelitelekeza shamba, anawasagia watu unga apate kulisha wanawe. Alifunga, alisali, lakini moyo haukutulia hata kidogo. Mwishowe akamwendea, akaketi chini mbele ya jiwe la kusagia, akasema yote.

Bi Khulud aliacha kusaga, machozi yakamtoka.

"Nimekusamehe, dada. Miche si kitu. Lakini misimu miwili natubia dhambi nisiyoijua, nikidhani Mola wangu amenichukia. Hilo ndilo lililonimaliza."

Bi Nadhira alimfundisha kazi ile tangu kusia hadi kuvuna, na Allah akaitia baraka. Hata hivyo yasemwa kwamba hadi kufa kwake, kila alipotoa sadaka alilia.

Basi ndugu zangu, tujihadhari na sadaka za namna hiyo. Chakula ulichomnyima mwenzio waweza kumlipa kesho. Je, siku alizoishi akimdhania Mola wake vibaya kwa sababu yako, utazilipa kwa kitu gani?